Kamthon Aliyejikausha Pamoja na Matangi

Katika kiwanda chetu cha Phan Thong, tunakopaka rangi matangi ya mafuta ya pikipiki, hapakuwa na mtu wa kisasa kumzidi Kamthon. Alikuwa msimamizi wa sehemu ya rangi, na usasa ulimwingia siku aliporudi kutoka mafunzoni Nagoya, Japani. Aliondoka mtu wa kawaida. Akarudi anamwinamia kila mtu, hata mashine ya kahawa, na kila tulichofanya sisi kikawa “mambo ya kizamani.”

Roboti nayo ikamfuata, imefungwa ndani ya kreti. Ilikuwa mkono mmoja mrefu wa rangi ya chungwa, na penye kiganja pana taa ya urujuanimno, yaani ule mwanga wa jua unaochubua ngozi, ila huu umekusanywa mahali pamoja na kutiwa hasira. Zamani tangi likishapakwa vanishi liliingia kwenye tanuri, nasi tukapata muda wa kusengenyana. Sasa roboti inalizungushia taa juu, chini na ubavuni, na kabla hujamaliza kupiga chafya vanishi imeshakuwa ngumu kama kioo. Kama nzi alikuwa ametua hapo, basi hapo ndipo makazi yake ya kudumu.

Mkurugenzi aliita watawa wa Kibudha waje kuibariki. Mtawa mkuu alipoinyunyizia maji, Kamthon alikimbia na karatasi ya nailoni kuifunika kama mtoto aliyenyeshewa. Kesho yake akakuta kinamama wamewekea chumba cha roboti shada la maua na chupa ya soda nyekundu yenye mrija, kama tunavyoitengea mizimu.

“Dada Malai, mnaitengea mashine soda? Kwani ina mdomo?”

Malai alikuwa mpuliza rangi tangu enzi Kamthon akifagia ghala. Akamjibu bila kugeuka, “Haina, Bosi. Ndiyo maana ina adabu.”

Kilichomkera zaidi ni poda. Kwa joto letu, mwanamke asipojipaka poda usoni huyeyuka. Tena kwetu, kitu chochote cha ajabu, mgomba uliozaa katikati ya shina au ndama wa miguu mitano, watu hukisugulia poda mpaka waone namba ya bahati nasibu. Basi kuna aliyeisugua roboti kwenye kiwiko na kuapa kwamba ameona saba. Kamthon akaitisha mkutano.

“Mtu mzima na akili zake anaisugulia mashine poda eti imtajie namba! Halafu mnauliza kwa nini nchi haiendelei. Poda ni vumbi, na vumbi likiingia kwenye vanishi halitoki. Kuanzia leo, marufuku!”

Kila asubuhi akawa anasimama mlangoni na kitambaa cheusi, anatufuta mashavu mmoja mmoja kutafuta ushahidi. Malai alikuwa akimletea shavu moja, kisha la pili, halafu anamuuliza, “Na makwapa, Bosi, au hayo utayakagua mchana?”

Chumba cha roboti kilikuwa na mlango wenye swichi: ukifunguka, taa inazimika. Lakini mkurugenzi alipenda kuwaonyesha wageni ule mwanga wa samawati, na kila alipofungua mlango onyesho likazimika. “Kamthon, tafuta njia,” alisema. Kamthon akaibandika swichi sumaku, na mashine ikaamini kwamba mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Tukaomba miwani ya kinga.

“Miwani?” akasema. “Mtatokea kama nzi kwenye picha za wageni.”

Siku moja kabla ya droo ya bahati nasibu ya Machi, kengele ya chakula ilipolia, tulitoka wote kwenda kula. Kamthon alisema hana njaa. Yaliyotokea huko ndani tumeyapata kwa mkewe, Nuan, anayeuza ndizi za kuchoma sokoni na ambaye kifua chake hakijawahi kuhifadhi siri mpaka ndizi ziive. Mwanaume yule wa kisasa alitoa mfukoni kopo la poda ya vipele, akaingia chumbani kwa roboti, akapiga magoti mbele yake na kuanza kuisugua kiwiko. Alikuwa ameshaona nne, na ya pili ilikuwa inaanza kujitokeza.

Malai akarudi mapema. Akatazama ubao wa vitufe tu, si chumba: taa ya mlango ni ya kijani, maana yake umefungwa, ingawa Kamthon aliuacha wazi. Akabonyeza kitufe.

Roboti ikaamka na taa ikawaka. Karibu kabisa na sikio la Kamthon palikuwa na kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu. Lakini kitufe kile huliza king'ora kiwanda kizima, na wote wangekuja mbio kumkuta na kopo mkononi; na akitokea mlangoni angekutana na Malai. Akaona afadhali aive. Akachuchumaa nyuma ya matangi, akajishika kwenye moja lililokuwa bado bichi, kopo likamdondoka kwenye dimbwi la vanishi, na kila taa ilipompitia alikodoa macho kuitazama, maana nani atasikia kitu kinavuma juu ya kichwa chake asikiangalie?

Tuliporudi, matangi yalikuwa yanatoka yana chunusi nyeupe. Moja lilikuwa na kiganja kizima, vidole vitano, kimekauka humo safi kabisa. Kamthon akatokea upande wa chooni, uso mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

“Nani kapaka poda leo? Pangeni mstari!”

“Bosi,” Malai akasema, “mstari tutapanga. Ila hapa kuna kiganja. Si tupime viganja kwanza?”

“Usinifundishe kazi.”

“Na wewe mbona umeiva hivyo?”

“Pilipili. Nimekula saladi ya papai.”

“Si ulisema huna njaa?”

“Njaa ilikuja baadaye!”

“Ikakupitia usoni,” alisema Malai, na mstari mzima ukaangua kicheko.

Jioni ile macho yalimvimba akawa kama amemwagiwa mchanga na pilipili kwa pamoja. Nuan akamshika mkono hadi kliniki, njia nzima akimsimulia kisa hicho kila waliyepishana naye. Nesi akauliza, “Unachomelea vyuma?”

“Mimi ni msimamizi.”

“Haya, msimamizi, fungua macho.”

“Siwezi.”

Kesho yake mhandisi Igarashi, mtu mpole wa watengenezaji wa roboti, alikagua chumba akakuta kopo la poda sakafuni. Akaliinua, halikuinuka. Vanishi ilikuwa imelikamata na taa ikamalizia. Wakaja mafundi na patasi, wakalipeleka kwa mkurugenzi likiwa bado na kipande cha sakafu chini yake.

Wakati huo nusu ya kiwanda ilikuwa imepiga picha kile kiganja. Kwenye dole gumba wengine waliona hamsini na tisa, wengine ishirini na tisa, tukanunua zote mbili. Tulikosa zote mbili. “Roboti ni ya Japani,” Malai alitufariji. “Bahati nasibu yetu itaijulia wapi?”

Tukangoja Kamthon afukuzwe. Hatukujua hesabu za wakubwa. Kumfukuza kungetaka maelezo ya ile sumaku, na maelezo ya sumaku yangeishia kwenye mdomo wa mkurugenzi mwenyewe. Kwa hiyo Malai alipewa onyo la maandishi kwa kuwasha mashine bila kuangalia ndani. Kamthon akafanywa mkuu wa usalama kazini, akapewa ofisi yenye kiyoyozi. Sumaku ilibanduliwa kimyakimya. Miwani ya kinga ilichelewa, lakini mabango ya miwani yaliwahi, na aliyevaa miwani katika mabango hayo, akitabasamu kwa ngozi mpya iliyomea baada ya ile ya zamani kubanduka, alikuwa Kamthon.

Malai aliliweka onyo lake kwenye mkoba wa chakula, akarudi kupuliza rangi huku akiimba. Hilo lilitutisha kuliko matusi.

Aprili ikaingia, na sikukuu ya Songkran, mwaka wetu mpya, tunapowamwagia wakubwa wetu maji ya maua mikononi na kuomba baraka zao, kisha tunamwagiana maji ovyo na kukasirika ni mwiko. Kamthon alikaa kwenye kiti mbele ya ofisi, shati la maua, viganja vimeunganishwa juu ya bakuli. Tulipita mmoja mmoja, tunamwaga kidogo, tunainama. Zamu ya Malai ikafika. Akapiga magoti kwa heshima zote, akamimina matone mawili matatu.

“Uwe na afya, Dada Malai,” Kamthon akasema kwa sauti ya ukuu. “Na kazini ujihadhari.”

“Ahsante, Bosi. Nitajihadhari.”

Akainuka, akapita nyuma ya kiti, akamwagia maji yote yaliyobaki ndani ya kola. Yalikuwa ya barafu. Kamthon aliruka na kiti chake, na kwa kuwa ilikuwa Songkran, ilimbidi acheke.