Kumpeleka Sista kwa Ukoo wa Jina Lake

Tuliondoka Highview, kusini mwa Louisville, Marekani, kwa sababu binti yangu aliitwa mjini Buffalo kuhojiwa. Kuna chama cha ukoo mmoja wa Waskoti, watu ambao babu zao walivuka bahari zamani sana na ambao bado hukutana kila kiangazi. Chama hicho hutoa tuzo kwa vijana wake: ya kupiga zumari, ya kucheza ngoma zao, ya kuchunguza historia ya familia, na moja kubwa ya kumsomesha mwanafunzi chuo kikuu. Tuliomba hiyo kubwa. Chuo kilikuwa kimeshamkubali binti, na bila tuzo hiyo asingeweza kwenda. Jina la ukoo sitalitaja, maana watu wake hawakunitukana.

Msomaji atauliza Mbembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo, kama mimi, ana undugu gani na Waskoti. Nitaeleza kwa mpangilio. Binti yangu alizaliwa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mke wangu alishikwa na uchungu muda mrefu, hata watu wakaanza kuniita pembeni ili kuniandaa. Aliyewaokoa wote wawili ni muuguzi mzungu aliyeitwa Morag, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume, ambaye kambi nzima ilimwita Sista. Tulimpa mtoto jina lake lote, la kwanza na la ukoo. Kwetu, mtoto akipewa jina la mtu, mambo hayaishii kwenye kuitwa. Tulimpelekea Sista kuku na kitenge, naye akampakata mtoto mbele ya watu. Tangu siku ile muuguzi huyo akawa mama wa nyumba yetu. Mke wangu humwita binti yake mwenyewe "mama", na sisi wengine humwita binti huyo Sista mpaka leo. Muuguzi yule alirudi kwao, tukapotezana. Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa somo wake, yule aliyempa jina, na hilo halina mjadala.

Huku Marekani jina hilo limetusumbua. Katika kila ofisi ya shule nimeulizwa kwa nini binti hana jina langu, na kama kweli mimi ndiye baba. Kwa hiyo siku nilipokuta tangazo la chama kile maktaba, na jina la binti yangu limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa, niliona hatimaye kuna mlango litakaoufungua. Nikasoma vitabu vyote vya koo za Waskoti ambavyo maktaba yetu ilikuwa navyo. Nilijifunza kwamba zamani mtu asiye na ulinzi aliweza kuchukua jina la mkuu wa ukoo, akaishi kwenye ardhi yake, akapigana upande wake, na wanawe wakahesabiwa kuwa wa ukoo. Niliridhika. Sista aliandika insha kuhusu kuzaliwa kwake, nami nikaituma.

Alhamisi mchana tulishika barabara ya Columbus. Kuanzia Louisville ni vilima, ua wa mbao na maghala mapya, hadi Cincinnati, ambako mto Ohio unavukwa kwa daraja la ghorofa mbili na malori yanakubana kushoto na kulia. Baada ya hapo nchi inakuwa tambarare, mahindi na soya hadi jicho lichoke. Nilitumia muda huo kumsaili binti.

"Kitambaa cha ukoo kina rangi gani?"

"Baba, hawataniuliza hilo," alinijibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wetu wote.

"Na mkuu wa kwanza wa ukoo?"

"Nitawaambia alikuwa mzee aliyevaa sketi."

Nilimwonya asithubutu kuliita vazi lao la kiume sketi mbele yao. Akarudisha vidude vyake vya muziki masikioni.

Jioni tulifika Reynoldsburg, mashariki mwa Columbus, kwa shemeji yangu Asende, kaka wa mke wangu, anayefanya kazi kwenye ghala la viatu. Alitupokea kwa sombe, yaani kisamvu, na samaki, na kwa maneno mengi kuliko chakula.

"Bon, Sista, sasa unaenda kuona bajomba bako bazungu," alisema. "Usitusahau. Sisi tutakuwa tunakuchungulia kwa dirisha."

Nilimwambia kwamba chama kina kanuni na kwamba sina hakika.

"Shemeji, juu ya nini unaogopa? Mutoto akibeba jina ya mutu, njo mutoto yake. Ukoo haikatalaki mutoto. Donc, watu bazee vile, batoto bao hawataki tena mambo ya zumari, bapate mutoto wa akili kama huyu, bamufukuze? Labda juu ya rangi."

Mkewe alimwambia anyamaze, ale.

"Mjomba," Sista alisema, safari hii kwa Kiswahili, "rangi wataiona kabla sijafungua mdomo."

Asende alimtazama, kisha akamwongezea samaki.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Clintonville, kaskazini mwa mji, kwa Bwana Dankani, mwakilishi wa ukoo katika jimbo la Ohio. Ni mwalimu mstaafu, mjane, anayeishi katika nyumba ya matofali chini ya miti mikubwa. Alitupa chai na biskuti ngumu za shayiri. Ukutani palikuwa na mti wa ukoo wake uliochorwa kwa mkono, matawi yake yamefika darini. Alisema ameisoma insha ya Sista mara mbili na kwamba katika miaka yote ya kusoma maombi hajapata kusoma insha kama ile.

Mimi ni mtu wa kuuliza mambo kwa uwazi. Nilimweleza desturi yetu ya somo tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kuku na kitenge, kisha nikamuuliza, "Kwa maoni yako, huyu ni wa ukoo wenu au si wa ukoo wenu?"

"Kwangu mimi, ni wetu," alijibu bila kusita.

"Na kesho, kwenye meza ya mahojiano?"

"Nitakuwa mmoja wa watatu. Nitasema hivyohivyo."

Tulipeana mikono juu ya neno hilo. Kisha akaleta kutoka chumbani mshipi mpana wa kitambaa cha ukoo, wenye miraba ya kijani na buluu, uliokuwa wa marehemu mkewe, akamvisha Sista begani na kumfunga kwa pini. Kulikuwa na kioo karibu na mlango. Sista alisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilifurahi, nikadhani najua anachokiona.

Ijumaa hiyohiyo tuliendelea hadi Buffalo. Baada ya Cleveland Ziwa Erie liko mkono wa kushoto, ingawa barabarani huliona kwa vipande tu, na ukiingia Pennsylvania unaanza kupita mashamba ya zabibu. Tulilala kwa Mama Spesioza, Mrundi wa dhehebu letu aliyekulia kambini Tanzania, anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Alinisikiliza nikieleza habari zote, mikono kiunoni.

"Baba Sista, nikuambie kitu," alisema. "Wazee ninaowaogesha kila siku, huyu ananiambia yeye ni Mwayalandi, yule Mpolandi, yule Mtaliano. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika huko. Hakuna anayewakatalia. Mimi nikisema ni Mrundi wananiuliza Burundi ikoje, nasema sijui, sijawahi kulala huko. Wananiambia, basi wewe Mtanzania. Mtanzania naye ananiambia, wewe Mrundi, rudi kwenu." Akageuza chapati. "Ukipata ukoo unaopokea watu, na mimi niandikishe."

Jumamosi mkutano ulifanyika katika bustani kubwa nje ya mji. Koo nyingi zilikuwa zimesimamisha mahema, kila moja na bendera yake. Zumari zililia kutoka pande zote kwa wakati mmoja, na uwanjani wanaume wanene walishindana kurusha magogo marefu kama nguzo za umeme. Juu ya hema la ukoo wetu, nasema wetu kwa sababu ndivyo nilivyosema moyoni asubuhi ile, palikuwa na jina la binti yangu. Aliandikiwa pia jina hilo kwenye kibandiko cha kifuani. Watu walikisoma, wakamtazama usoni, wakakisoma tena. Mama mmoja mpole alimshika mkono akamuuliza, "Umeolewa na kijana wetu yupi?" Sista ana miaka kumi na minane.

Mchana tuliitwa nyuma ya hema. Mezani walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye nywele fupi nyeupe aliyekuwa akifundisha historia; mweka hazina; na Bwana Dankani. Mwenyekiti aliisifu insha. Kisha akauliza, kwa adabu, nasaba inapita kwa nani.

"Kwa Morag," nilisema. "Ni mama yake."

Nikaeleza. Nilipofika kwenye desturi ya zamani ya kupokea watu waliochukua jina la mkuu, mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Alisema nilivyosoma ni sahihi, alikuwa akiifundisha darasani. "Lakini hayo yalikuwa mambo ya karne zilizopita, bwana. Sasa katiba yetu inadai vyeti vya kuzaliwa." Hapo nilimtazama Bwana Dankani. Alikuwa ameweka kofia yake magotini na kuizungusha.

Mwenyekiti akamgeukia binti. Naamini alitaka kumsaidia. Alimuuliza, "Na wewe mwenyewe, unajiona kuwa wa familia hii?"

"Hapana," Sista alisema. "Alikuwa muuguzi aliyemzalisha mama yangu. Namshukuru, lakini sijawahi kumjua. Undugu ni maneno ya baba."

Zumari ziliendelea huko nje. Bwana Dankani hakuinua uso.

Alasiri tuzo zilitolewa jukwaani. Ya chuo kikuu alipewa kijana mmoja mrefu, mwenye jina la Kipolandi kabisa. Damu ya ukoo, tulielezwa, ilimfikia kupitia bibi wa bibi yake. Alipokea akaenda zake kuangalia magogo. Kisha Sista naye aliitwa, akapewa karatasi yenye muhuri inayomtaja kuwa rafiki wa ukoo. Mpiga picha aliwapanga washindi wote, akamvuta Sista kutoka pembeni, akamweka katikati, mbele.

Bwana Dankani alitufuata hadi kwenye gari.

"Uliniambia utasema," nilimwambia.

"Aliyasema mwenyewe. Ningeongeza nini baada ya hapo?"

"Kulikuwa na nafasi kabla ya hapo."

Alimgeukia Sista, akamwomba ruhusa: wangependa kuchapa insha yake katika jarida la ukoo, wasomaji wangeguswa sana. Sista alifungua pini, akaukunja mshipi vizuri, akampa.

"Chapeni," alisema. "Ila toeni jina langu."

"Lakini jina ndilo..." Mzee akaupokea mshipi.

Jumapili tulirudi bila kulala njiani. Ziwa sasa lilikuwa kulia. Karibu na Cleveland sikuweza kujizuia tena.

"Umemkana mama yako mbele ya watu."

"Nimemkana nani? Mama yupo nyumbani."

"Unajua ninachosema."

"Baba, walikuwa wananipa pesa za ndugu zao. Wewe ndiye ulinifundisha kutosema uongo."

"Kwetu si uongo."

"Kwenu sio. Kule mezani ulikuwa uongo." Alitazama dirishani. "Na wote walijua, hata mwenye kofia. Walikuwa wananiangalia kama mtu aliyeingia nyumba si yake. Nilivyosema hapana, ndiyo mara ya kwanza waliniangalia kawaida."

Columbus tulisimama kujaza mafuta tu. Asende alipiga simu, sikuipokea.

Toka hapo hadi Cincinnati nilipitia maandalizi yangu yote, kama mtu anayetafuta mahali mashine ilipokwama. Nilikuwa nimewauliza watu wengi kama mtoto wa jina ni mtoto wa ukoo. Niliviuliza vitabu, nikamuuliza shemeji, nikamuuliza mzee wa Clintonville, nikawauliza wale watatu. Binti sikumuuliza. Nilimuuliza rangi za kitambaa. Hata mbele ya kile kioo, ambapo swali hilo lingeweza kumalizwa kwa maneno mawili kabla ya mafuta mengi kuchomeka, niliona afadhali kufurahi. Waskoti nimewachukia kwa haki, na yule mwenye kofia nitamchukia kwa muda. Lakini walifanya wanachofanya wazee wa koo popote: walichunga boma lao. Ukoo niliompa binti yangu siku alipozaliwa ulikuwa na watu wawili tu ndani yake, mimi na mama yake, na mwenyewe alikuwa akikaa humo kwa heshima yetu.

Giza lilikuwa linaingia tulipofika Highview. Mke wangu alikuwa amepika, na alikuwa amevaa kitenge kizuri, cha kupokelea wageni. Alitusubiri kwenye ngazi za jengo. Hakuuliza tuzo kwanza. Kwa mtu wa Fizi hilo lingekuwa utovu wa adabu.

"Hawajambo ndugu zake Sista?"

Binti alikuwa nyuma yangu na begi lake. Nilisubiri aseme, kwa kuwa siku mbili hizo alikuwa amenisahihisha kila neno. Hakusema.

"Hawajambo," nilijibu. "Wanakusalimu sana."