Niliyekuwa Naloga Naye Hosteli

Jumanne, kwenye foleni ya ofisi moja hapa Dodoma, nilimwamkia mama aliyekuwa mbele yangu. Kabla hajaitikia, mwanaume mwenye fimbo nyeupe aliyekaa kwenye benchi akainua kichwa.

"Sauti hiyo naijua. Si wewe niliyekuwa naloga naye hosteli?"

Mama akauvuta mkoba wake kifuani.

Ikabidi nieleze. Tulikaa chumba kimoja chuoni. Yeye haoni, awali alisoma shule ya wasioona ya Buigiri. Mimi nilikuwa na kompyuta yenye gemu la kupigana na mazimwi. Kila tuliposhinda tulipata uchawi mpya, na gemu liliruhusu kuuchanganya upendavyo. Mimi nilisoma orodha na kubonyeza, yeye ndiye aliyetunga. Mimi ningejaza moto tu. Yeye alisema, "Punguza moto, ongeza upepo, halafu adui apige kelele popote alipojificha." Basi maadui wasioonekana wakawa wanapiga mayowe, nasi tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

"Lile zimwi la mwisho," aliniuliza, akinishika mkono, "hatukuwahi kulimaliza, eh?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemficha. "Nililimaliza peke yangu, wiki uliyoondoka chuo. Nisamehe, ndugu yangu."

"Kwa uchawi upi?"

"Ule wako wa kelele."

"Basi tulilimaliza," akasema, akasogea nikae.

Nilikaa, foleni ikanipita, hadi dirisha la huduma likafungwa kwa chakula cha mchana. Shida iliyonipeleka pale ninayo mpaka leo.