Kwetu Ambako Baba Hakuwahi Kufika

Kila Jumapili baada ya misa, baba yangu alikuwa akiketi uani, mbele ya nyumba yetu ya kampuni ya migodi pale Musonoi, mtaa wa Kolwezi, na kuisifia Kasai, mkoa wa kwetu. Nanasi la Kasai, alisema, mtu mmoja halimalizi. Maji ya mito ya kule ni baridi hata jua likiwa utosini. Watu wa kule husalimiana, si kama hapa Kolwezi ambako mtu anakupita kana kwamba wewe ni nguzo ya umeme. Mbuzi, mvua, wanawake, hata usingizi: vya Kasai vilikuwa bora. Msikilizaji wake mkuu alikuwa jirani yetu, fundi mitambo kutoka kaskazini mwa Katanga, aliyekuja kucheza dama. Jirani alisikiliza kwa subira ya mtu anayeshinda mchezo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipomwuliza mama ni lini baba aliondoka Kasai.

"Baba yako?" Mama alicheka hadi akauacha mchi kinuni. "Alizaliwa hapa hapa, hospitali ya kampuni. Kasai aliiona kwenye ramani ya darasani."

Babu ndiye aliyeletwa kufanya kazi mgodini. Alifia Kolwezi, akamwachia mwanawe hadithi, na baba alizitunza hadithi zile kama watu wengine wanavyotunza cherehani.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, mishahara ikachelewa, halafu ikaacha hata kuchelewa. Watu wenye akili walitafuta sababu, wakaipata: ilikuwa sisi, watu wa Kasai. Kwenye mikutano na redioni wakubwa walisema mkoa wa Katanga umejaa bilulu, yaani wadudu, na kwamba bilulu warudi kwao. Baba alikuwa karani wa bohari. Kazi yake ilikuwa kugawa buti na kofia za chuma. Mpaka leo sielewi namna alivyoweza kuangusha migodi yote ile akiwa na ufunguo wa buti tu. Lakini walisema ameweza, na nadhani kuna siku moja au mbili ambapo alijisikia fahari kidogo.

Vijana walikuja asubuhi, kama thelathini hivi, na fimbo mikononi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa imechomwa moto siku iliyotangulia, kwa hiyo kwetu walikuwa na adabu. Hawakuwa na haja ya kupiga kelele. Mbele yao alisimama jirani yetu, amevaa shati la Jumapili.

"Tata," alimwambia baba, "banasema mpaka siku ya posho." Maana yake Jumamosi.

"Mpaka siku ya posho tufanye nini?"

"Muende kwenu." Jirani alitazama viatu vyake. "Si we mwenyewe ulikuwa unasema kwenu kuko muzuri?"

Baba alipapasa ufunguo wa buti mfukoni.

Vijana walipogeuka kwenda nyumba iliyofuata, jirani alibaki nyuma kidogo. "Na mulango?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mutauacha?"

Ulikuwa mlango wa mbao ngumu, baba aliuchonga mwenyewe, na mtaa mzima hakukuwa na mwingine kama ule.

"Tutaubeba," mama alijibu kutoka ndani. Kabla jua halijatua baba alikuwa ameung'oa.

Kituo cha treni tulikikuta kimejaa watu waliokuwa wanarudi kwao bila kujua njia. Tulikaa pale wiki nyingi. Mlango tuliuegemeza ukutani, tukatandika turubai juu yake, tukawa na nyumba. Mvua ilinyesha. Surua ilipita kati ya vibanda, na mwanamke aliyelala karibu yetu akampoteza mtoto wake wa miezi minane. Mama alitoa kitenge chake cha harusi kumfunika. Tulimzika ng'ambo ya reli, na treni hazikuwa zimeanza hata kuja. Juu ya hilo sina mzaha.

Baba aliutumia muda ule kusoma. Kumbe Tshiluba chake, lugha ya Kasai, kilikuwa cha maneno kama arobaini, mengi ya kusifia chakula. Bibi mmoja alimfundisha kwenye foleni ya maji, akaanza na salamu, ambayo kule ni *moyo*.

"Moyo," baba alisema.

"Sema kwa nguvu, tata," bibi alimkemea. "Unasalimia batu, hauulizi bei ya nyama."

Treni ilipokuja, tulipanda behewa la wazi. Sikumbuki tulisafiri siku ngapi, nakumbuka kiu. Asubuhi ya mwisho baba alinyoa ndevu bila kioo na kufunga tai. Tuliteremka Mwene-Ditu, ndani ya Kasai, tukatembea siku mbili mpaka kijiji cha babu, baba na mama wakiwa wameushika mlango, mmoja mbele mmoja nyuma.

Kijiji kizima kilitoka. Waliimba, walilia, walimbeba baba juujuu. Katika msongamano ule nilimpoteza, nikaogopa, nikaita: "Baba! Baba!" Kicheko kilianza upande mmoja kikaenda mpaka wa pili. Kwa lugha yao, *baba* ni mama mzazi. Baba ni *tatu*, neno ambalo mimi nililijua kwenye hesabu tu. Nilikuwa nimemtambulisha mzee mwenye tai, mbele ya ukoo wake wote, kuwa mama yangu.

Tulipokelewa na mtoto wa kaka yake babu, ambaye sisi tulimwita baba mkubwa. Aliwahi kufanya kazi Likasi, huko Katanga, na Kiswahili alikijua. Siku ya tatu baba aliuliza, kama mtu asiye na haraka, mananasi yako upande gani.

"Mananasi gani?" Baba mkubwa alishangaa. "Hapa ni muchanga mutupu. Muzee wako alikimbia njaa. Na alikimbia na chungu cha mama yangu."

Alichokipenda kwetu ni mlango. Aliufunga kwenye nyumba yake, na kwa wiki mbili watu walikuja kuufungua na kuufunga. Sisi wenyewe tulipewa kibanda nyuma, na jina: *bena Katanga*, watu wa Katanga. Bukari yetu, ugali wa mahindi, walisema, haina ladha kwa kuwa hatuchanganyi unga wa muhogo. Wasichana wa Katanga ni wavivu. Watu wa Katanga wanajiona. Nilikuwa nimesafiri nchi nzima kuja kuwa mtu wa mahali nilipofukuzwa.

Kabla kiangazi hakijaisha, baba alikuwa amepata kiti kipya cha Jumapili. "Kwetu Kolwezi," aliwaambia wazee, "taa zinawaka usiku kucha barabarani, hata kama hakuna mtu anayepita." Walimsikiliza na kuguna. Mama hakusifia chochote. Alichukua jembe, akaomba shamba, akalima. Baada ya miaka miwili alikuwa anagombana sokoni kwa Tshiluba safi, na watu wakimwogopa.

Nilipofikisha miaka ishirini na miwili niliwaambia narudi.

"Kurudi wapi?" mama aliuliza. "Kule walikotufukuza?"

"Kule nilikozaliwa."

"Haya. Ila safari hii usibebe mlango."

Baba alinisindikiza mpaka stesheni. Treni ilipoanza kuondoka ndipo aliponikimbilia, tai ikipepea, akisema kitu ambacho sikukisikia.

Nilipata kazi ya ualimu Fungurume, huko huko Katanga, na Jumapili moja nilidandia lori nikaenda Musonoi. Kampuni ilikuwa imeendelea kuanguka vizuri kabisa bila msaada wa baba. Jirani alikuwa amepunguzwa kazini. Alikuwa anaishi katika nyumba yetu. Aliingia, alinieleza, ili kuilinda.

"Karibu, mutoto wetu!" Alifurahi kweli, hilo siwezi kumnyima. "Na safari ilikuwa namna gani?"

Safari. "Ndefu, tata," nilijibu.

"Na muzee? Anafurahi kule kwabo?"

Akilini nilimwona baba kwenye kiti chake akihesabu taa za barabarani. "Anafurahi," nikasema.

"Mi nilisema!" Alimgeukia mke wake. "Sikusema? Nilisema atafurahi."

Nilikuwa nimemtayarishia maneno kwa miaka mingi, ya Kiswahili, ya Kifaransa, na mengine ya Tshiluba kwa kuwa Tshiluba ndicho bora kwa kutukana. Kabla sijayatoa, mke wake alileta maji nikanawa, akaniwekea bukari na sombe ya majani ya muhogo, akaketi kando yangu, karibu kuliko ilivyohitajika, akauliza kama mgongo wa mama bado unamsumbua.

Nilimwambia unamsumbua wakati wa kulima.

"Wangu pia," akasema, akanisogezea sahani. Nikala.