Tui la Pakiti na Jumamosi za Mama

Mimi ndiye niliyekuwa naitwa kuwafundisha wanawake wenzangu namna ya kupima kazi na nyumba kwenye mizani. Kila mara viongozi wa kike wa masoko na mawasiliano walipokutana, kwenye hoteli moja upande wa Nyali, nilipewa kipaza sauti, maji ya chupa na dakika ishirini. Niliwaambia wawe wao wenyewe. Niliwaambia kazi isiwameze. Wao waliandika kila neno, maskini, na mimi huku nasema huku naibia simu jicho nione kama mkurugenzi wangu ameidhinisha mabango.

Kwenye simu hiyo nilikuwa na kalenda ya rangi. Kazi nyekundu, watoto buluu, na kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi kijani: Mama. Kijani hicho nilikiweka siku ya arobaini ya baba, baada ya kuahidi mbele ya shangazi zangu wote kwamba nitavuka kwenda Likoni kila wiki nipike na mama, asile peke yake. Nikaenda Jumamosi nne. Ya tano tukawa na uzinduzi wa bidhaa. Tangu hapo kijani kikawa kinasogezwa, mara Jumapili, mara wiki ijayo, na simu haina haya, ukiisogeza siku inasogea. Idi Kubwa nilimpelekea keki kwa mkono wa dereva wa kampuni. Nakaa Utange na ofisi iko Changamwe, kwa hiyo sababu nilikuwa nazo tele, na zote zilikuwa na foleni ndani yake.

Mama hakulalamika. Afadhali angelalamika, maana mtu akilalamika unapata la kumjibu. Yeye nikimpigia alisema, "Kazi ni kazi mwanangu, Mungu akupe nguvu," kisha akaniuliza kama nimekula.

Basi kampuni ikaanza kutengeneza tui la pakiti, na kulitangaza nikapewa mimi. Kaulimbiu niliitunga mwenyewe: Halisi, kama kwa mama. Tukamleta mwanamitindo kutoka Nairobi, akavikwa leso, akakalishwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Alitakiwa akune kidogo, kisha aiweke mbuzi kando na kuchukua pakiti yetu huku akitabasamu. Dada wa watu alikaa upandeupande kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na kifuu akakishika kwa ncha za vidole. Ofisini hakuna aliyeona kasoro. Tukawakusanya wanawake wa Kisauni watazame na kutoa maoni, wakacheka mpaka mmoja akatoka nje kushika mbavu. Mwingine alifuta machozi akauliza, "Huyu nazi aikuna au aibembeleza?"

Mwongozaji wa tangazo, bwana mmoja wa bara mwenye kofia isiyovuliwa, akasema tunahitaji mama wa kweli. Mkurugenzi naye alitaka tangazo mezani Jumatatu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ninaye mmoja, Likoni."

Siku iliyobaki ya kupiga picha ilikuwa Jumamosi. Nilipofungua kalenda nikaona nyekundu na kijani zimekaa pamoja saa nne asubuhi, nikajipongeza kwamba hii ndiyo mizani yenyewe niliyokuwa nikiihubiri. Nikampigia mama nikamwambia nakuja. Kabla sijafika kwenye habari ya kamera alikuwa ameshaanza kuniuliza nataka samaki gani. Alivyofurahi, nikaona hiyo ya kamera nitamweleza nikifika.

Tulifika watu saba na masanduku. "Hodi," nikasema. Mama alifungua mlango akiwa na dera jipya, udi unanukia mpaka nje. Macho yake yakanipita, yakawatazama wenzangu mmoja mmoja, yakatua kwenye masanduku, ndipo yakanirudia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni wanangu, karibuni ndani."

Hakuniuliza kitu. Alikataa tu masanduku yasifunguliwe kabla wageni hawajala, na mama yangu akikataa jambo hulikataa kwa upole, huna pa kushika. Chakula alichonipikia mimi akakigawa kwa watu saba: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Yeye akasema ameshiba. Mwongozaji alikula mpaka akalegeza mkanda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hilo ni tui letu. Nikamwambia anyamaze ale.

Baada ya chakula nikamweleza mama kazi iliyotuleta. Aliipokea pakiti, akaigeuza, akainusa pembeni. "Yatoka kwenye nazi?" Nikamwambia naam. "Haya." Akatoka uani, akaketi kwenye mbuzi na kukuna kama anavyokuna siku zote, na wapiga picha wakawasha kamera bila kuambiwa.

Kukawa kumebaki maneno. Mwongozaji akatoa karatasi akamsomea: Binti yangu huja kila Jumamosi tukapika pamoja, na tui letu ni hili. Sentensi hiyo niliiandika mimi, Changamwe, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, na wallahi nilipoiandika nilikuwa nawaza mabinti wa watu wengine. Pale uani ndipo nilipoisikia. Mama yangu si mtu wa uongo. Nikiwa mdogo alinirudisha dukani kilomita nzima kwa peremende moja iliyozidi. Niliogopa atainua macho aniulize mbele ya watu ninaowaongoza, "Kwani wewe waja lini?" Na niliogopa zaidi kwa sababu angekuwa na haki.

Aliinua macho kweli. Akaitazama kamera.

"Binti yangu huja kila Jumamosi," akasema. "Hakosi. Tukapika, tukala, tukazungumza mpaka alasiri, ndipo arudi kwake. Na tui letu ni hili."

Hayo ya hakosi na alasiri hayakuwamo kwenye karatasi. Mwongozaji alirusha mikono juu. "Mathe, umeweza! Hii ndiyo halisi sasa!" Hakuomba arudie.

Wakati wanafungasha nilimfuata mama jikoni, anaosha vyombo. Nilikuwa nimepata nafuu ya mtu aliyeponea chupuchupu, nikataka kumshukuru. "Mama, umesema vizuri. Hukubabaika hata kidogo."

"Nibabaike nini? Nshazoea." Akanipa sahani niifute. "Majirani huniuliza kila wiki, mbona mwanao hatumuoni. Nawaambia yuwaja kila Jumamosi, ila nyinyi huwa mko sokoni. Sitaki wakuseme."

Nikaifuta ile sahani, nikaifuta tena. Niliona aibu ambayo sijaiona hata siku moja kazini. Miezi yote hiyo nilidhani ananivumilia, kumbe alikuwa ananisitiri, na uongo wenyewe ameubeba yeye, mtu wa sala tano.

Jumatatu mkurugenzi alilitazama tangazo mara tatu, akasema hajawahi kuona ukweli kama ule. Sifa zikasambaa upesi, hata nikaalikwa tena kwenye hoteli ileile, nizungumzie uhalisi. Siku yenyewe Jumamosi. Nikawaambia nina safari ya kikazi, kwa sababu ningesema naenda kwa mama wangedhani nimetafuta kisingizio.

Jumamosi hiyo nilivuka peke yangu, na samaki nimewanunua mimi. Nikapiga hodi. Mama alifungua akiwa na leso ya kazi, mikono ina unga. Aliitikia salamu yangu, kisha akachungulia nyuma yangu, huku na huku, akiwatafuta wenzangu njia nzima.

"Kwani," akauliza kwa huruma, "ile picha ya kwanza imeharibika?"