Ndevu za Mahindi za Mwalimu Mektrida

Kwa zaidi ya miaka ishirini, karibu kila aliyezikwa katika kitongoji kile cha Uru alisomewa wasifu ulioandikwa na Mwalimu Mektrida. Watu walimfuata kwa sababu ya mwandiko wake, na zaidi kwa sababu alijua kuchagua maneno. Mlevi alimwandika kuwa mcheshi na mpenda watu. Binti aliyerudishwa kutoka Dar es Salaam akiwa mifupa mitupu alimwandika kuwa "aliugua kwa muda". Wafiwa walipokea karatasi, wakaisoma, wakamshika mkono. Walikuwa wamefunikwa vizuri.

Siku hiyo ya Januari 1997 karatasi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya mwanawe. Jeneza la Ildefonce lilikuwa barazani, na watu walishajaa uani mpaka kwenye migomba. Mektrida alikuwa ameandika kuzaliwa, ubatizo, shule na ndoa. Alipofika palipostahili neno "kuugua", kalamu ikasimama.

"Andika malaria, shemeji," alisema Sirili, mdogo wa marehemu mume wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na suti yake nyeusi. "Malaria ina heshima yake. Haiulizwi maswali."

"Hakufa kwa malaria."

"Nani anapima saa hizi? Padre ameshafika. Andika, tukamzike mtoto."

Hakuandika. Alitazama nje ya dirisha, kwenye mti ule mkubwa wa mruka uliobaki na kovu mahali tawi lilipokatika.

Ilikuwa Juni 1994. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na kila mtu alikuwa anatafuta la kufanya. Ildefonce alinunua ng'ombe wa maziwa, akamjengea banda nyuma ya jiko, akapanda mruka kupunguza matawi ili majani ya malisho yapate jua. Alianguka chali juu ya mizizi. Alikaa hospitalini mjini miezi mitatu, akarudi akiwa amelala kwenye godoro, mwili wake umekufa kuanzia kifuani kwenda chini. Alirudi pia na mpira wa mkojo na mfuko wake, uliokuwa unaning'inia ubavuni mwa kitanda.

Nesi aliyewaruhusu, jina lake Theodora, hakuficha kitu.

"Mama, maji. Lita tatu kila siku, hata akikataa. Mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mpira. Na akipata homa, au jasho likimtoka kichwani bila sababu, au miguu ikianza kukakamaa, mlete siku hiyo hiyo. Usisubiri aseme anaumwa. Huko chini hasikii. Kibofu kinaweza kuoza na yeye anacheka."

Mektrida aliandika yote kwenye daftari, kwa kichwa cha habari na mistari chini yake, kama alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wa darasa la saba.

Mwaka wa kwanza walifuata. Mke wa Ildefonce, Elinipendo, ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akachemsha vifaa. Mektrida alikuwa amenuna mwanawe alipooa nyumba ya Walutheri wa Machame, lakini alipoona mikono ya msichana yule ikifanya kazi bila kuchoka, kununa kulimwisha kwenyewe. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Nyumba ile ilizoea kunukia dawa ya sakafu na kahawa ya kukaanga. Sasa mtu akiingia tu, kabla hajakaa, pua inamwambia. Jumapili moja baada ya misa aliwapita wanawake wawili kwenye lango la kanisa na mmoja alikuwa anasema, "Kwa Mwalimu siku hizi huna haja ya kuuliza mgonjwa yupo chumba gani. Fuata pua." Mwenzake akacheka kwa kujiziba mdomo na kanga.

Mektrida alitembea mpaka nyumbani bila kusalimia mtu.

Tangu siku hiyo akaacha kumpeleka Ildefonce kliniki. Kwenye mabenchi ya pale wamejaa wazazi wa watoto aliowafundisha, na kila mmoja angeuona mfuko. Mkojo ulipoanza kuwa mzito na kutoa harufu, alikumbuka alichofanya mama yake mzazi, naye akafanya vivyo hivyo: alichukua zile nyuzi laini zinazoota kwenye ncha ya hindi, ndevu za mahindi, akazianika, akazichemsha, akampa mwanawe birika zima asubuhi na birika zima jioni. Siku ya tano mkojo ukawa mweupe kama maji ya mtoni. Mektrida alisifu ndevu. Hakufikiri kwamba Ildefonce alikuwa hajawahi kunywa maji mengi hivyo tangu atoke hospitali.

Habari ikatembea. Watu wakaja kuuliza dawa ya Mwalimu, naye akawaandikia. Pua zikasahauliwa kidogo, na jina la nyumba likasimama tena.

Desemba ya 1996 ilipoingia, akakaa kufikiri. Krismasi watoto wote wa ukoo wangepanda kutoka Dar, Arusha na Mwanza. Wangelala pale, wangekula pale. Ikiwa dawa ndiyo inayoponya, maji yote haya ya nini? Yanajaza mfuko, yanavuja, yanalowesha shuka. Akapanga: ndevu zichemshwe ziwe kali, kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, na maji mengine yapunguzwe yasije yakaizimua dawa. Wiki hiyo hiyo mwanamke aitwaye Ndelilio alitoka Kilema mpaka pale. Mwanawe Filemon alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori la ndizi, akavunjika mgongo kama Ildefonce. Mektrida akamwandikia utaratibu ule mpya, akalipigia mstari neno "yapunguzwe".

"Mama," Elinipendo alisema mgeni alipoondoka, "nesi alisema lita tatu."

"Nesi alimzaa?"

"Hapana, Mama."

"Basi leta hilo jagi."

Krismasi ilifana. Magari matatu yalisimama chini ya migomba, mbuzi alichinjwa, pombe ya mbege ikazunguka. Ildefonce alitolewa barazani kwa shati jipya, blanketi miguuni, shuka kavu, hakuna harufu yoyote. Shangazi kutoka Mwanza alimkumbatia akasema nyumba hii inatunza wagonjwa kuliko hospitali. Mektrida alisikia maneno hayo yakimwingia mpaka kwenye magoti.

"Mama, naomba maji," alisema Ildefonce.

"Umeshakunywa dawa, baba."

"Dawa siyo maji. Hata ng'ombe pale bandani anapewa ndoo nzima. Na mimi ndiye niliyempandia mti."

Wageni wakacheka sana. Sirili alimpiga begani. "Huyu hata akilala chali mdomo umesimama!" Mektrida naye alicheka, akampa nusu kikombe. Nyuma ya ukuta wa baraza mfongo, ule mfereji wa wazee uliokata kihamba, shamba lile la ukoo, kutoka juu mlimani, ulikuwa unapita ukisema peke yake kutwa nzima. Ildefonce aligeuza kichwa upande huo.

Tarehe ishirini na saba kilichokuwa kwenye mfuko kilikuwa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji la uso. Mektrida alimfuta.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, Mama. Nasikia baridi tu."

Moyo wake ukatulia. Haumwi. Daftari lilikuwa kwenye droo, na maneno ya nesi yalikuwa humo ndani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakulifungua. Wageni wasingeondoka mpaka baada ya mwaka mpya, na kumteremsha mgonjwa kwa machela mbele ya ukoo mzima ilikuwa sawa na kutangaza kwamba yote waliyoyasifu ni uongo. Akasema moyoni, nitampeleka wakiondoka tu.

Tarehe pili Januari miguu ya Ildefonce ilikakamaa kama mbao na akaanza kumwita baba yake, aliyekufa miaka kumi nyuma. Elinipendo hakuomba ruhusa. Alishuka barabarani peku, akarudi na pikapu ya jirani yao Elisaria.

Hospitalini walisema uchafu umepanda kwenye figo na kuingia kwenye damu. Wakahangaika naye siku saba. Theodora aliwakumbuka. Aliuliza kwa upole tu, akiandika kwenye faili:

"Alikuwa anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Ya kutosha," Mektrida alijibu.

Elinipendo alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Aliinamisha macho akatazama sakafu. Angeweza kusema. Mektrida aliliona hilo wazi, na lilimuuma kuliko kama angepigwa kofi mbele ya watu.

Ildefonce alikufa tarehe tisa, alfajiri.

Sasa Elinipendo aliingia chumbani na kanga yake nyeusi, akafunga mlango, Sirili akiwa bado humo ndani.

"Mama, Ndelilio wa Kilema amekuja kuzika. Yupo jikoni na akina mama."

"Nimemwona."

"Anauliza kama ndevu mbichi zinafaa kama kavu. Anasema mkojo wa Filemon umekuwa mweusi tangu juzi, lakini mtoto hasemi kama anaumwa."

Kalamu ilimtoka Mektrida mkononi. "Mwambie ampeleke hospitali. Leo hii."

"Nimemwambia. Anasema ile karatasi ni ya Mwalimu, hawezi kuiacha kwa maneno yangu." Elinipendo alisita. "Karatasi yenyewe wameinakili, Mama. Kuna mtu anayo mpaka Kibosho."

Sirili aligeuka. "Mazungumzo gani haya? Watu wanasubiri. Shemeji, malaria."

Mektrida aliokota kalamu. Aliandika mistari minne kwa haraka, mwandiko ukiwa mbaya kuliko siku zote za maisha yake, akasimama, akatoka barazani. Padre alimpa nafasi. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, shule, ndoa, kuanguka kutoka kwenye mruka. Kisha akavuta pumzi.

"Mwanangu hakufa kwa mgongo wake, wala kwa malaria. Mkojo wake ulioza, kwa sababu mimi mama yake nilimnyima maji, ili shuka zisilowe na wageni wasisikie harufu. Aliniomba maji, nikacheka. Ndevu za mahindi hazikumponya hata siku moja, maji ndiyo yaliyomponya mara ile ya kwanza. Kila mwenye karatasi yangu aichome. Mgonjwa wa namna hii apewe maji mengi, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hasemi anaumwa." Akanyanyua macho akamtafuta mwanamke mmoja katikati ya umati. "Ndelilio, usisubiri mazishi. Nenda."

Hakuna mtu aliyewahi kuona mwanamke akiondoka msibani jeneza likiwa bado juu. Ndelilio aliondoka. Alikimbia kati ya migomba akiwa ameshika viatu mkononi, na baada ya muda pikapu ya Elisaria ikasikika ikiteremka.

"Umetuvua nguo, shemeji," Sirili alinong'ona. "Ukoo mzima."

Elinipendo alimwondolea Mektrida karatasi mkononi, akaikunja ndogo, akaitia kwenye mkunjo wa kanga yake.

Filemon alilazwa wiki tatu, akarudi Kilema akiwa hai. Uru hakuna aliyemfuata tena Mwalimu Mektrida kumwandikia wasifu. Walikwenda kwa katekista, ingawa mwandiko wake unasomeka kwa shida. Wanawake walimwamkia shikamoo kama kawaida, wakapita.

Lakini siku ile ya mazishi, kaburi lilipokwisha kufukiwa na watu kutawanyika, ng'ombe bandani alianza kulia kwa sauti kubwa, kwa kuwa tangu asubuhi hakuna aliyemkumbuka. Mektrida alichukua ndoo, akachota kwenye mfongo, akampelekea. Alisimama pale na nguo zake za msiba, akimtazama akinywa, mpaka ndoo ikabaki tupu. Kisha akaenda akachota nyingine.