Upako Haupanguswi

Mtu akiniuliza ile gari nyeupe iko wapi, namwambia niliuza, na kama ni mgeni anaamini. Sikuiuza. Iko nyuma ya fleti yetu hapa Greyville, imekufa, na nikipita naangalia upande mwingine, maana aibu iliyonipata mbele ya kanisa zima ilitoka chini ya boneti ile.

Niliinunua kwa ajili ya ndoa ya mdogo wangu Furaha. Baba yetu tulimzika kwetu Bukavu, mbali na huku ugenini, kwa hiyo mimi ndiye ningekuwa baba siku hiyo: nimtoe bibi harusi nyumbani, nimfikishe kanisani Cato Manor, nimshike mkono nimwingize. Furaha hakuniomba zawadi, aliniomba hiyo tu. Na mimi (si mnanijua kwa kujionyesha) nikasema hatapanda gari ya kuazima.

Sasa kwetu gari mpya, hata kama imeshapita mikononi mwa watu wanne kabla yako, haianzi kazi bila kuombewa. Jumapili baada ya ibada nikafungua boneti pale uani, pasta akaweka tone la mafuta, akaomba vizuri, akamaliza, kumbe Mama Neema, mkubwa wa wamama wa maombi, hajaridhika na tone, akatoa chupa nzima ya mafuta ya upako, yale yenye harufu ya waridi, akaimwagia injini kama anatia mawese kwenye sufuria ya sombe. Tukapiga makofi.

Kesho yake nikaona matone chini ya gari. Nikachovya kidole, nikanusa: waridi. Nikacheka. Siku zikapita, matone yakazidi, mke wangu Sifa akatandika katoni chini ya injini, akaniita nione doa lilivyokuwa kubwa na jeusi.

"Papa Dani," akasema, "osha injini na sabuni, ikauke, uiendeshe kidogo, halafu tuangalie inatokea wapi. Na upime oili."

"Upako haupanguswi," nikamjibu, tena kwa sauti ya mtu anayefundisha.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini Jumapili iliyofuata nikasimama kutoa ushuhuda, jamani, nikasema mafuta ya upako kwenye gari yangu yanatiririka na hayaishi, wamama wakapiga vigelegele, Mama Neema akalia machozi, na baada ya hapo ningeioshaje? Hata kile kijiti cha kupimia oili niliogopa kukivuta, mtu asije akaniona ninapima baraka.

Siku ya ndoa tukatoka, Furaha nyuma na gauni lake, Sifa pembeni akimshikia shela, kwaya nzima na wamama wa maombi wanatufuata kwenye teksi, vile vibasi vya huku, wakiimba. Tukiwa tunapanda kilima cha kuingia Cato Manor taa nyekundu ikawaka mbele yangu.

"Yaya, hiyo taa ni ya nini?" Furaha akauliza; kwetu kaka mkubwa ndiye yaya.

"Ya oili. Usijali, oili humu iko ya kutosha."

Injini ikaanza kugonga, ikazidi kugonga, na tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, ikiwa ya kijani na foleni ndefu iko nyuma yangu, ikanyamaza kabisa. Moshi ukapanda, unanukia waridi na kitu kilichoungua. Kwaya wakaacha kuimba, wakashuka mmoja mmoja. Sifa, na kitambaa chake cha ndoa kichwani, akafungua boneti, akavuta kile kijiti. Kilitoka kikavu. Akakiinua tu nikione, na kila aliyesikia ushuhuda wangu akakiona. Mama Neema hakuitazama injini, alinitazama mimi.

Kanisa lilikuwa letu mpaka saa sita tu, mchana wanaingia wengine. "Yaya, panda teksi twende," Furaha akaniambia, ameshika gauni lisiguse lami. Hapo ndipo ningejiokoa. Lakini nilishindwa kukaa katikati ya nyuso zile, nikasema, "Tangulieni, ipoe kidogo tu, nakuja nyuma yenu."

Wakaenda. Nikabaki nazungusha ufunguo, naomba, nazungusha tena, watu wananipigia honi, mmoja akipita anasema "eish, baba" kama anatoa pole ya msiba. Nilipokubali kwamba haiwaki, nikaisukuma pembeni na kukimbia kwa miguu, suti imelowa, mikono myeusi. Vigelegele nilivisikia nikiwa bado barabarani. Walikuwa wanatoka.

"Nilikungoja pale mlangoni," Furaha akasema. "Pasta akasema muda umekwisha. Nikaingia peke yangu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wiki iliyofuata gari ikavutwa mpaka nyumbani, Sifa akaiosha kwa ndoo na sabuni ya vyombo, ikakauka, akatia oili kidogo, tukachuchumaa tukiangalia. Ikatokea kwenye kile kizibo cha chini, pale pa kumwagia oili chafu. Kilikuwa kimelegea. Alikikaza kwa vidole na matone yakakoma, lakini injini ilikuwa imeshakufa.

Nimeapa: chochote kikivuja kwangu, naosha kwanza ndipo naomba, na ushuhuda sitoi tena hata nikifufuka. Furaha anaishi Chatsworth sasa, na picha ya ndoa wameitundika sebuleni. Amesimama mlangoni mwa kanisa, mkono wa kuume ameukunja kidogo, kama mtu aliyeshikwa. Nikienda kuwasalimia, nachagua kiti kinachoipa mgongo.