Simu Aliyoichagua Bi Dama

Dama Mung'aro aliajiriwa kupokea simu katika kampuni ya malori ya Faraj na Wanawe, kule Shimanzi, mwaka wa 1975. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Kaloleni, ana cheti cha shule na sauti isiyokuwa na pupa. Mzee Faraj, mwenye kampuni, alimsikiliza akisoma ukurasa mmoja wa gazeti, akamwambia aanze Jumatatu. Mwaka wa 1994 mzee Faraj alikuwa ameshafariki na kampuni iko mikononi mwa mwanawe, Kamaludin. Dama alikuwa mjane, akiishi Tononoka, na bado alikuwa ameketi mbele ya swichibodi ile ile.

Lilikuwa sanduku la mbao lenye urefu wa kabati, limejaa matundu na nyaya zenye ncha za shaba. Simu ikiingia, kijibati kidogo kilianguka juu ya tundu lake. Dama alichomeka waya, akasikiliza, akachomeka wa pili, watu wakazungumza. Kichwani alivaa chuma chembamba chenye kisikilizio upande mmoja, na kwa miaka kumi na tisa kisikilizio kile kilikaa juu ya sikio lake la kulia.

Waliompigia zaidi hawakuwa wafanyabiashara. Walikuwa wake wa madereva. Walipiga kutoka kwenye vibanda vya simu, sarafu mkononi, wakitaka kujua mume yuko wapi.

"Yuko Mtito, amepiga simu asubuhi, hajambo," Dama angesema. "Kesho jioni utamwona, mwanangu. Pika."

Aliwajua kwa sauti kabla ya majina. Aliwajua watoto wao pia, na nani amelazwa na nani ameanza shule. Kazini hakuna aliyemwita Dama tupu, ila Bi Dama, hata mabwana waliomzidi umri.

Kwa muda wa miaka miwili hivi sikio la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua. Kwanza lilivuma, kisha likawa kama limezibwa na pamba. Aliweka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Akaenda kanisani akaombewa. Hakumwambia mtu ofisini. Alisema moyoni kwamba swichibodi imezeeka, na hilo pia lilikuwa kweli: nyaya zilikwaruza, sauti zilikuja na kupotea, na kila mtu alilalamika.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni ilikuja simu kutoka Voi. Aliyepiga alikuwa karani wa hospitali. Alisema lori la kampuni limepinduka alfajiri na dereva ameumia vibaya mguu. Alilitaja jina lake. Dama hakulishika.

"Nani, bwana? Rudia."

Karani akarudia. Laini ilikuwa ikikwaruza, na jina likamfikia Dama kama kishindo cha nyuma ya ukuta. Usiku ule madereva wawili walikuwa njia moja, Ngowa na Gunga. Kamaludin alikuwa amesimama mlangoni, amesikia neno hospitali, anamtazama. Dama aliona haya kuuliza mara ya pili mbele yake. Karani aliendelea kusema mambo mengine, kisha laini ikakatika.

"Ni nani?" Kamaludin akauliza.

"Ngowa," Dama akasema.

Mke wa Ngowa aliitwa Caroline, nao walikaa Tononoka, mtaa wa pili kutoka kwa Dama. Kamaludin alituma gari likamchukue limpeleke kituoni. Caroline alipanda basi la saa tano, analia, amevaa kiatu mguu mmoja na sapatu mguu wa pili. Alipofika Voi alionyeshwa kitanda, na kitandani alikuwemo Gunga. Baadaye Caroline alimsimulia Dama kwamba alicheka. Alisimama pale mbele ya mtu aliyelala hajitambui akacheka kwa furaha, mpaka muuguzi akamshika mkono akamtoa nje. Alijaribu kupiga simu ofisini, lakini simu ya pale ilikuwa haifanyi kazi, na alipopata nyingine ofisi ilikuwa imeshafungwa.

Kwa hivyo Mwanatumu, mke wa Gunga, aliyekaa Makadara hatua chache kutoka Mji wa Kale, siku ile yote alifua, akapika, akatoka kwenda kumtazama shangazi yake. Alipata habari kesho yake asubuhi, Caroline alipoipata ofisi. Alipofika Voi mguu wa kushoto wa mumewe ulikuwa umeshakatwa, juu ya goti. Gunga alikuwa ametia sahihi kwenye karatasi ya ruhusa peke yake, akiuliza mkewe yuwapi, na hapakuwa na wa kumjibu.

Wiki ile ile Kamaludin aliita watu wote.

"Mashine hii imetuaibisha," alisema, akaipiga swichibodi kwa kiganja. "Marehemu baba aliipenda, Mungu amrehemu, lakini leo imemdhulumu mtu wetu. Tutanunua mpya. Na Bi Dama ndiye atakayechagua, kwa sababu ndiye atakayeishi nayo."

Dama alitazama chini. Watu walimwambia pole.

Muuzaji aliitwa Riyadh, kijana mwenye duka la mitambo ya simu mjini, mpole, shati limenyooshwa vizuri. Alileta mitambo miwili, akaifunga kwenye meza ya ofisi kwa siku tatu ili ijaribiwe.

Wa kwanza ulikuwa mdogo kama mkebe wa biskuti, umetundikwa ukutani. Huo haukuhitaji sana mtu wa kupokea simu. Kila meza ilikuwa na nambari yake, na anayepiga angeweza kuunganishwa moja kwa moja. Wa pili ulikuwa na kifaa cha mezani chenye vitufe na taa ndogo nyekundu na kijani, mkono wa simu wa kushika, na kipini pembeni cha kuongeza sauti. Huo ulimtaka mtu akae pale.

"Nauona huu wa kwanza ni mzuri zaidi, Bi Dama," Riyadh alisema. "Sikufichi. Ndio watu wanaoutaka siku hizi."

"Na mke wa dereva akipiga kutoka kibandani, atajua ni nambari ya nani aipige?"

Riyadh akafikiri. "Hatajua."

"Haya."

Kamaludin alicheka akasema hilo ni neno la maana. Dama aliposema vile alikuwa akisema kweli. Lakini usiku na mchana baada ya hapo alijiuliza kama alikuwa akiwapigania wale wanawake au akikipigania kiti chake.

Siku ya pili Riyadh alitaka kumwonyesha jinsi sauti ilivyo safi katika ule wa mezani. Akaenda chumba cha hesabu, akafunga mlango, akapiga simu ya ndani. Kulikuwa na orodha ya madereva iliyobandikwa ukutani kule, Riyadh akaanza kuyasoma majina, na Dama ayarudie kwa sauti ili makarani wasikie.

Dama alichukua mkono wa simu akauweka sikio la kulia, kama kawaida yake.

"Charo," akasema. "Jamaldin. Ngowa."

Mlango ukafunguliwa. Riyadh akachungulia, anatabasamu. "Nimesema Gunga, Bi Dama."

"Kelele za lori huko nje," Dama akajibu. "Rudia tena."

Alirudi ndani akapiga tena. Nje hapakuwa na lori. Dama aliongeza sauti kwa kile kipini mpaka mwisho, akasikia kishindo kile kile cha nyuma ya ukuta. Ndipo, bila kujua kwa nini, akauhamisha mkono wa simu upande wa kushoto. Sauti ya Riyadh ikamwingia nzima, kama mtu aliyekaa begani mwake: Gunga. Gunga. Gunga.

Akashukuru, akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi watu walikuwa wameenda kula. Alivaa chuma cha swichibodi ya zamani, akakigeuza kisikilizio kikawa juu ya sikio la kushoto, akachomeka waya, akaomba nambari ya simu inayotaja saa. Laini ilikwaruza kidogo. Lakini kila neno alilisikia.

Alichagua mtambo wa mezani. Riyadh aliufunga, na swichibodi ikabebwa na watu wanne ikatupwa gudauni. Dama akajizoeza kusikiliza kwa sikio la kushoto na kuandika kwa mkono wa kulia, na kazi ikaenda vizuri mno. Kamaludin aliwaambia wageni: "Mnaona? Kosa lilikuwa la ule mti mzee." Kila aliposema hivyo Dama alijifanya anatafuta kitu kwenye saraka ya simu.

Mwezi wa Septemba Gunga alikuja ofisini kwa magongo kuulizia kazi. Alikuwa amepungua, shingo imebaki mishipa. Alisalimiana na kila mtu, kisha akaja mezani kwa Dama, akaegemea, akautazama mtambo mpya.

"Wamekuletea kizuri, Bi Dama," akasema. "Pole kwa ile mashine. Nimeambiwa ilikutesa sana hata wewe."

Dama akainamia vitufe. Taa nyekundu ikawaka, akapokea simu, na Gunga akaenda zake taratibu akidhani ana kazi nyingi.

Jumamosi ile Dama alikwenda Makadara. Nyumba ya Gunga ilikuwa nyuma ya mkahawa wa viazi vya karai, na ilimbidi apite katikati ya watu waliokuwa wakila wamesimama.

"Hodi!"

"Karibu. Karibu ndani, Bi Dama," Mwanatumu alisema. Alimtandikia mkeka, akamletea maji. Gunga alikuwa ameketi kitandani.

Dama hakuyanywa maji. "Nimekuja kuwaambia jambo, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho," akasema. "Si mashine. Ni sikio langu. La kulia limekufa, yapata miaka miwili sasa. Siku ile karani alitaja jina la Gunga nisilisikie. Nilimwomba arudie mara moja, na mara ya pili nikaona haya, kwa kuwa tajiri alikuwa amesimama pale. Nikakisia. Nikasema Ngowa."

Mwanatumu akayasogeza maji pembeni.

"Ulikisia," Mwanatumu akasema.

"Naam."

"Na huyo karani alisema lolote lingine? Mume wangu alituma neno kwangu?"

Dama alijua swali hilo litakuja, maana alijiuliza yeye mwenyewe. "Alisema mengine. Sikuyashika."

Mwanatumu akageuka kumtazama mumewe. Gunga alikuwa akilikunja na kulikunjua pindo la suruali pale palipokuwa mguu.

"Nilimwambia aseme usiogope," Gunga akasema polepole. "Na uje na Lamis. Nilitaka kumwona mtoto kabla."

Mwanatumu aliinuka akaingia chumba cha ndani. Hakurudi. Dama na Gunga walikaa wakimsikia akilia, kilio cha chini cha mtu asiyetaka kusikiwa.

"Miaka miwili," Gunga akasema mwishowe. "Na hukumwambia mtu."

"Niliogopa kuondolewa."

"Madaktari waliniambia mguu ungekatwa tu, awepo mke asiwepo. Hilo nakwambia uondoke nalo." Akautazama mlango wa chumba cha ndani. "Lakini sasa nenda, Bi Dama. Usimngoje."

Jumatatu, kabla hajakaa, alimfuata Kamaludin chumbani kwake akamweleza yote, pamoja na ile siku ya Riyadh. Kamaludin alimsikiliza amekunja mikono.

"Kwa nini hukunambia, Bi Dama? Mimi umenilea hapa ofisini."

"Ungenitoa kwenye simu."

"Ningekutoa, naam. Na Gunga angekuwa na mkewe kando yake." Alikwenda dirishani, akasimama akiangalia uani malori yakipakiwa. "Nimemtukana marehemu baba na mashine yake mbele za watu miezi mitatu, na wewe umekaa unanisikiliza."

Hakumfukuza. Alimpeleka kwa daktari wa masikio, ambaye alimwambia kwamba sikio lile halitarudi, na la kushoto alitunze. Akahamishiwa stoo ya vipuri, kuandika vinavyoingia na vinavyotoka, mahali pasipo na simu. Na kwenye kiti cha simu Kamaludin alimweka Gunga, kwa kuwa ni kazi ya kukaa na masikio yake yalikuwa mazima.

Aliyekuwa akiujua mtambo ni Dama peke yake, kwa hivyo wiki mbili alikaa kando ya Gunga akimfundisha. Alimwonyesha taa, vitufe, namna ya kumshikisha mtu laini bila kumpoteza. Alimwandikia wake wa madereva wote na mambo yao, karatasi sita. Walizungumza habari za kazi tu.

"Jina usipolishika, uliza," alimwambia siku ya mwisho. "Uliza hata mara kumi. Wakikasirika na wakasirike."

"Najua," Gunga akasema.

Wake wa madereva walimzoea haraka. Wengine walimpenda zaidi, kwa sababu aliijua barabara na aliweza kuwaambia lori lingefika saa ngapi. Caroline, kila alipopita Shimanzi, aliingia stoo kumsalimu Dama, na siku moja alimwambia kwamba bado humjia kicheko kile cha Voi, hata akiwa kanisani, na humtia hofu. Dama alimwambia naye humjia lile jina asilolishika.

Mwanatumu alikuwa akimletea mumewe chakula saa saba, na njia yake ilipita mlangoni pa stoo. Wiki za kwanza alipita bila kugeuza uso. Baadaye, karibu na mwisho wa mwaka, alianza kusimama.

"Hujambo, Bi Dama."

"Sijambo, Mwanatumu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

Kisha anaendelea na safari yake, sufuria imefungwa kwa kitambaa. Dama alimkaribisha mara kadhaa aingie apumzike kidogo na jua lile. Kila mara Mwanatumu alisema asante, anachelewa.